Bunduki ya Kindi

Siku hiyo walikuwepo hawa: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, ambaye hupakua mizigo ya malori pale Malaba, kitindamimba wetu, aliye msichana wa darasa la saba, mzee mmoja wa kijiji cha pili, aliye mwanajeshi mstaafu na aliyewahi kufundisha vijana shabaha, na mwenyekiti wa kijiji chetu, aliyekuja kwa sababu barua ya kibali ilimtaja kuwa shahidi. Ng'ambo ya kichuguu tulichokilenga, nyumbani kwake, alikuwepo jirani yetu mjane. Aliombwa akae ndani hadi tumalize, naye akakaa ndani. Bata mzinga wake hakuambiwa na mtu.

Bunduki yenyewe nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya kindi.

Mtu asiyelima karanga hujua kindi kama mnyama mzuri wa kutazama. Sisi wa Nabuyoga tunamjua kwa siku kumi za kwanza baada ya kupanda. Mbegu ikiwa bado chini, kindi huingia shambani jua likishapasha udongo, akafuata mstari wa jembe kama mtu anayesoma kitabu, akafukua shimo moja baada ya jingine bila kuruka hata moja. Karanga ikishaota majani mawili humwoni tena. Kwa hiyo kazi yote ni siku kumi. Lakini katika siku hizo kumi lazima pawe na mtu shambani, tangu umande ukauke hadi jua lielekee kuzama.

Wazazi wetu walipokufa, mmoja baada ya mwingine katika mwaka uleule, mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa kidato cha pili. Sikufukuzwa shule na sikuiacha kwa siku moja. Nilikosa siku kumi za msimu wa kwanza, kisha kumi za msimu wa pili, kisha siku za kuvuna, na niliporudi darasa lilikuwa limefika mahali nisipopajua. Basi nikabaki nyumbani. Wadogo zangu walikuwa wanne. Wawili wa kati wameshaolewa. Leo nauza chai na mihogo ya kuchemsha kwa madereva wanaosubiri kwenye foleni ya malori Malaba, na karanga zikivunwa nauza karanga.

Mwaka juzi, kitindamimba akiwa darasa la tano, niliumwa wakati wa kupanda, na yeye akashika kopo na fimbo akaenda shambani kwa siku tisa. Sikumtuma. Alienda tu. Matokeo yake ya muhula ule yalirudi na barua ya mwalimu iliyouliza kama mtoto huyu ana mlezi. Niliisoma mara mbili nikaiweka ndani ya Biblia. Hapo ndipo nilipoamua kwamba darasa la saba hatakosa hata siku moja kwa sababu ya kindi, na kwamba mimi pia siwezi kukaa shambani siku nzima na kuwalisha kwa wakati uleule.

Nilikuwa nimejaribu mengine. Mbegu niliichanganya na mafuta ya taa. Kindi wakala, labda kwa kukunja pua. Mitego ilinasa kuku. Sumu sikuitaka, kwa kuwa kuna nyumba hapa kwetu zinazokula kindi, na mnyama aliyekufa kwa sumu haandikwi usoni alikufaje. Mzee mstaafu ndiye aliyeniambia kwamba alipokuwa kijana serikali ilikuwa na askari wa wanyama waharibifu, na kwamba walitumia bunduki ndogo, wenyewe wakiiita tuu-tuu, yaani mbili-mbili ya Kizungu.

"Hiyo bunduki haipigi kelele sana," alisema. "Kindi moja anaanguka, kindi ya pili bado anakula. Inajiuliza tu, rafiki yangu amelala mbona?"

Kuomba kibali kulichukua zaidi ya mwaka. Barua ya mwenyekiti, barua ya kata, picha za pasipoti, alama za vidole, ukaguzi wa nyumba kuona kama kuna sanduku la chuma lililofungwa sakafuni. Ofisa mmoja aliniuliza ninataka bunduki ya nini, nami kwa uchovu nikajibu, "Ya panya na kindi." Akaweka kalamu chini. Mpakani kwetu njia ya panya ni ile isiyopita kwa forodha, na anayeipita naye huitwa panya.

"Panya wa miguu minne au wa miguu miwili?" aliuliza.

"Minne, afande."

"Andika kindi tu," alisema. "Panya tuachie sisi."

Nikaandika kindi.

Fedha za bunduki nilizipata Tiira, kwa kuosha udongo wa mashimo ya dhahabu viangazi vitatu mfululizo. Duka la silaha liko Kampala. Muuzaji alinipangia tatu juu ya meza, kisha akangoja nichague kama anayeuza vitenge.

Zote tatu zilikuwa za risasi ndogo, zile ambazo pini huigonga risasi ukingoni mwa kitako chake na si katikati. Ya kwanza ilikuwa inajipakia yenyewe, unavuta triga na kuvuta tena. Kibali changu hakikuiruhusu, na hata kingeiruhusu nisingeichukua. Bunduki inayokupa risasi ya pili upesi hukufundisha kutojali ya kwanza. Ya pili ilikuwa nyepesi, kitako chake cha plastiki, nzuri ya kubeba. Ya tatu ilikuwa ya komeo, chuma cha nyuma ya mtutu unachovuta na kusukuma kwa mkono kila unapopakia, mtutu wake mrefu kidogo na kitako cha mti wa kahawia. Nilipoiweka begani, shavu langu halikufika pale lilipotakiwa kufika. Mikono yangu ni mifupi.

"Hii ya plastiki itakufaa zaidi, madamu," muuzaji alisema. "Hiyo ya mti ni ya wanaume warefu."

Nikamwuliza kama plastiki inakatika kwa msumeno. Akanitazama. Nikachukua ya mti.

Fundi seremala wa senta yetu ya maduka, anayetengeneza milango na majeneza, aliukata ule mti kwa upana wa vidole vitatu. Kabla ya kukata alipima mkono wangu tangu kwenye kiwiko hadi kwenye kidole cha triga, kwa utepe uleule anaopimia wafu, na watu waliokuwa wamekaa kwake wakacheka. Mshona ndala za matairi alinikatia kipande cha mpira tukakibandika mwisho wa kitako, ili kisiteleze begani. Baada ya hapo bunduki ikawa yangu, kwa maana kwamba mtu mwingine akiishika inamkwaruza.

Darubini nilinunua Busia. Kulikuwa na ya kukuza mara tisa na ya kukuza mara nne. Ya mara tisa ilikuwa kubwa na ya kupendeza, lakini niliposimama nayo mlangoni mwa duka nikatazama bango la ng'ambo ya barabara, kila pigo la moyo wangu lilirusha bango lote. Ile ya mara nne ilitulia. Kindi anakaa hatua arobaini au hamsini kutoka pale ninapolala mimi. Hahitaji kuletwa hadi kwenye pua.

Siku ya kuifunga ile darubini ilikuwa Jumamosi, kabla ya mvua za kwanza. Mzee alifika na kiti chake cha kukunja, darubini yake ya macho mawili na saa ya mkononi ambayo aliivua na kuiweka juu ya kiti. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mdogo wangu alikuja na spana ndogo za pembe sita alizoazima kwa fundi wa malori.

Mzee hakutaka haraka. Kwanza alifuta mtutu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya, akakitoa kitambaa, akakinusa, akasema, "Mafuta ya dukani. Mingi." Akafuta tena. Kisha akaniambia nifumbe macho, niweke bunduki begani kama ninavyoona raha, halafu nifumbue. Nilipofumbua niliona duara jeusi limezunguka picha. Akaisogeza darubini mbele kidogo. Tulirudia hivyo mara nne au tano, hadi nikafumbua macho na kuona picha nzima bila ukingo mweusi. Akaning'iniza jiwe kwa uzi kwenye tawi la mti, akaniambia niulinganishe ule msalaba wa ndani ya darubini na uzi. Msalaba ulikuwa umeinama kama msalaba wa kaburi la zamani. Tukaunyoosha. Ndipo mdogo wangu akakaza skrubu, moja hapa, nyingine upande wa pili, kwa zamu.

"Kama tairi ya trela," alisema. "Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, utaikuta Tororo bila wewe."

"Kaza ukanyamaze," mzee akamwambia.

Kisha tukatoa komeo, tukaiegemeza bunduki juu ya gunia la pumba, na mzee akachungulia ndani ya mtutu wenyewe kama mtu anayechungulia kwa jirani. Karatasi yetu ya shabaha ilikuwa kipande cha mfuko wa saruji chenye duara la mkaa, tumekibandika kwenye kichuguu hatua hamsini mbele. Kichuguu hicho kina upana wa kibanda cha nyasi cha kupikia na nyuma yake ardhi inapanda. Upande wake wa kushoto umechimbwachimbwa na watega kumbikumbi, udongo wake ni laini, kwa hiyo mzee alitaka karatasi iwekwe upande wa kulia, penye udongo mgumu. Kutoka kwenye karatasi hadi ukingo wa kichuguu haikutimia hata dhiraa moja. Jambo hilo nalikumbuka sasa. Siku ile lilionekana linatosha.

Mtutu ulipoelekea kwenye duara, tukazungusha vifundo viwili vya darubini, cha juu na cha pembeni, hadi msalaba nao ukakaa karibu na duara. Kila kifundo kinapozungushwa hutoa mlio mdogo, ta, ta, ta, na kila mlio ni unene wa punje ya mtama kule kwenye karatasi. Mzee alinieleza hilo mara tatu. Akaniambia pia kwamba hakuna mtu atakayetoka kwenye mstari kwenda kuangalia karatasi hadi yeye aseme. Matundu ya risasi hizo ni madogo, na kwenye karatasi ya saruji mimi kwa darubini yangu nisingeyaona. Yeye angeyaona kwa yake na kuniambia.

Mwenyekiti alikwenda kwa jirani, akarudi. "Yuko ndani. Anasema muwahi, ana nguo za kufua."

Nikalala kifudifudi. Msichana wetu alikuwa ameketi barazani na kitabu chake cha hesabu, ameziba masikio kwa vidole na kitabu amekibana kwa magoti.

"Usivute triga," mzee alisema pembeni yangu. "Bembeleza. Kama unaita mtoto aliyenuna."

Nikabembeleza. Mlio ulikuwa mdogo kuliko nilivyotazamia, kama ubao uliovunjika. Vumbi likaruka kichuguuni.

Mzee akatazama. "Urefu mzuri. Saa tatu. Kiganja kimoja."

Nilielewa vizuri kabisa. Mzee alikuwa ameniambia asubuhi kwamba karatasi tuichukulie kuwa ni uso wa saa, naye ataniambia risasi imeangukia saa ngapi. Saa tatu, mshale mfupi unaelekea kushoto. Ilikuwa hivyo kwenye saa yake mwenyewe, pale juu ya kiti, alipofika. Kwa hiyo risasi ilikwenda kushoto kwa kiganja kimoja, na mimi nikazungusha kifundo cha pembeni kuelekea kulia, milio thelathini bila mmoja.

Nikapiga.

"Saa tatu!" mzee akasema. "Imezidi. Viganja viwili."

"Imezidi vipi? Nimezungusha."

"Basi umezungusha kidogo. Zungusha tena. Saa tatu, nyara, saa tatu."

Nyara kwa Kijopadhola ni binti yangu. Alikuwa akiniita hivyo akianza kukosa subira.

Mdogo wangu akasema kwa sauti ya chini kwamba nikimkosa kindi nimtupie bunduki yenyewe. Nilihesabu milio sitini kuelekea kulia, nikarudisha jicho, nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikabembeleza.

Safari hii vumbi halikuruka. Halafu ng'ambo ya kichuguu, kwenye kichaka cha miiba kilicho ukingoni mwa boma la jirani, mbawa zilipigapiga kwa nguvu, zikanyamaza.

"Toa komeo," mzee alisema. "Weka chini. Ondoka hapo."

Nikatoa komeo. Kabla hatujafika kwenye kichuguu, jirani alikuwa ameshatoka. Tulimkuta ameinama juu ya kichaka. Alipoinuka alikuwa amemshika bata mzinga jike kwa miguu, na chini, kwenye majani makavu, palikuwa na mayai. Bata yule alikuwa akiatamia huko kwa wiki mbili, na mwenyewe tu ndiye aliyejua. Risasi ilimwingia chini ya bawa. Watu wengine hadi leo husema nililenga. Ningelenga nisingempata.

"Mimi nimekaa ndani," jirani alisema. "Mliniambia kaa ndani, nimekaa ndani. Sasa hii ni nini?"

"Mama, samahani," nilisema. "Samahani sana."

Mzee alikuwa amesimama mbele ya karatasi. Tundu la kwanza lilikuwa kiganja kimoja kulia mwa duara. La pili lilikuwa viganja viwili kulia. Ukingoni mwa kichuguu, kulia kabisa, palikuwa na mkwaruzo mpya.

"Nimekwambia saa tatu," alisema polepole. "Wewe umepeleka wapi?"

"Kulia, mzee. Kwa sababu risasi ilikuwa kushoto."

"Nani alisema kushoto? Nimesema saa tatu."

"Saa tatu ni kushoto."

"Saa tatu ni kulia! Tangu jeshini saa tatu ni kulia. Mzungu alitufundisha, three o'clock, kulia. Nimefundisha watu mia hivyo."

"Asubuhi ulipofika ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Mshale mfupi wa saa yako ulikuwa umeelekea wapi?"

Aliinua mkono kutazama saa, akakuta haipo, ameiacha kwenye kiti. Akabaki ametazama mkono mtupu. Nilimwona akihesabu kichwani. Mdogo wangu akamtangulia kuelewa, akapiga paja.

"Mzee amesema saa tatu ya Kizungu, dada amesikia saa tatu ya Kiswahili! Malaba huko kila siku tunauliza, bosi, saa tatu ipi? Dereva wa Mombasa anakuja asubuhi, karani anakuja mchana, mzigo unalala. Lakini hii, hii ni ya kwanza kuua bata."

Akacheka, na mwenyekiti akacheka, na mimi, sijui kwa nini, nikataka kucheka.

"Mnacheka?" jirani alisema. "Mnacheka na maiti ninayo mkononi? Kila mtu na saa yake, bata wangu ndiye amekufa kwa wakati."

Tukaacha kucheka.

Mashauri yalifanyika alasiri hiyohiyo barazani kwetu. Mwenyekiti alipendekeza nilipe bei ya bata mzinga mmoja kama ilivyo sokoni. Jirani alikataa kabla hajamaliza.

"Pesa nikiishika asubuhi, jioni imekuwa sukari. Na hamkuua bata mmoja. Bata anayeatamia halipwi kichwa kimoja. Mayai ni kumi na moja, na joto limekatika. Mimi kuku wa kuatamia sina. Hesabuni."

"Mayai si bata bado," mdogo wangu alisema.

"Wewe ulikuwa nini kabla hujawa wewe?"

Mdogo wangu akaanza kukusanya spana zake.

Alichotaka jirani ni siku. Analima mpunga bondeni, vipande viwili, kimoja cha mapema na kimoja cha kuchelewa. Mpunga ukichanua hadi kukomaa, ndege wadogo hushuka kwa makundi, na lazima mtu awepo wa kuamia, kwa kelele na kombeo, tangu alfajiri hadi machweo. Wanawe wako mbali na miguu yake imevimba. Alisema kila yai lingekuwa bata, kwa hiyo kila yai ni siku moja, na mama yao ni siku tatu. Siku kumi na nne za kuamia. Mwenyekiti alitutazama, akasema haoni ubaya wake.

Mzee mstaafu aliinua mkono. Alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyesema saa tatu, na nusu ya siku azibebe yeye.

"Wewe?" jirani alisema. "Ukikaa pale saa moja, ndege watakujengea kiota. Hapana. Namtaka yule." Akamwonyesha kitindamimba kwa kidevu. "Ana sauti na ana macho. Na huyu dada yake ana mihogo yake Malaba, hawezi kukaa."

"Huyo ana shule," nilisema.

"Shule iko kila mwaka. Mpunga hauchanui kila mwezi."

"Mwaka huu ana mtihani. Nitakuja mimi."

"Na chai ya madereva?"

"Nitakuja mimi, Mama."

Msichana alikuwa amesimama mlangoni. "Dada, naweza kwenda," alisema. "Ni siku chache tu."

Maneno hayo niliyajua. Niliyasema mimi, nikiwa kidato cha pili, nikimwambia mama mdogo aliyekuja kuuliza nani atakaa shambani. Nilimwambia msichana aingie ndani asome. Aliingia. Jirani akasema sawa, yeyote, mradi siku iwe siku nzima. Siku iliyokatwa si siku. Akaondoka na bata wake. Mayai alituachia. Hakuna aliyetaka kuyavunja, tukayazika.

Jumamosi iliyofuata mzee alirudi. Hakutaja saa tena. Alisema "upande wa mwamba" akimaanisha kulia, na "upande wa bonde" akimaanisha kushoto, na karatasi tuliibandika katikati ya kichuguu, udongo laini au mgumu. Baada ya risasi nne msalaba na tundu vikakutana. Tukajaribu aina tatu za risasi, tano kwa kila aina. Zile za kasi zilitawanyika. Zile za polepole, za bei ya kati, zote tano zilikaa ndani ya eneo la kizibo cha soda. Mzee aliweka alama ya wino mweupe kwenye vifundo ili nijue kama vimeguswa. Nilipomwuliza nimpe nini, alisema nisimwulize jambo hilo, na sikumwuliza tena.

Karanga za msimu wa kwanza tulizipanda mvua ziliponyesha. Kila asubuhi nililala pembeni mwa shamba, jua likipasha, hadi kindi wa kwanza na wa pili walipotoka. Risasi moja, mbili, tatu kwa siku. Nilipiga tu pale ambapo nyuma ya mnyama palikuwa na udongo. Walioona wenzao hawaamki waliacha kuja. Kabla ya saa tano nilikuwa njiani kwenda Malaba. Siku kumi zilipita, mistari ikaota bila mapengo, na mtoto hakukosa shule.

Kisha mpunga wa mapema wa jirani ukachanua, nami nikaenda kuamia. Bunduki ilibaki sandukuni. Kibali chake ni cha shamba langu tu, na hata kama kingekuwa cha dunia nzima, ndege wa mpunga ni wingu; hupigi wingu moja moja. Nilishika kopo, kombeo na madonge ya udongo. Nilikaa siku tisa. Siku ya tatu mdogo wangu aliumizwa mguu na bamba la chuma lililoanguka kutoka kwenye lori, nikaondoka adhuhuri kumpeleka hospitali. Jirani hakuihesabu siku hiyo. Nilimtegemea aihesabu, na nilipoona hajaihesabu sikusema kitu, kwa kuwa tulikuwa tumekubaliana. Kwa hiyo zilikuwa nane.

Siku hiyo ya tisa alikuja na chai katika chupa, akakaa kando yangu kwenye tuta. Aliuliza msichana anaendeleaje na masomo. Nikasema anaendelea. Akauliza atafanya mtihani lini. Nikamwambia mwisho wa mwaka. Akatazama mpunga wake. "Siku zilizobaki utazilipa kwenye kipande cha pili. Nimekipanda kwa kuchelewa," alisema. "Kitachanua karibu na karanga zenu za pili." Hakusema kwamba anaweza kungoja mwaka ujao, na mimi sikuomba.

Ndivyo hasa ilivyotokea. Mvua za pili zimeanza, udongo uko tayari, mbegu imeshachambuliwa na iko kwenye kikapu. Mtu akipanda wiki hii anapata karanga nzuri. Lakini mpunga wa bondeni umeanza kutoa mashuke, na siku zangu kule ni alfajiri hadi machweo, na bunduki haiwezi kushikwa na mtu mwingine kwa kuwa jina lililo kwenye kibali ni langu. Mdogo wangu bado anachechemea na anafanya kazi nusu. Nikipanda sasa, mtu mmoja tu ndiye anayebaki wa kusimama shambani, naye yuko darasani hadi saa kumi, na wakati mwingine hadi saa kumi na mbili kwa masomo ya ziada.

Sijapanda. Nitapanda nikimaliza bondeni. Mvua ikikatika mapema, karanga zitakuwa ndogo, tutakula ndogo. Jana jirani alipita njiani akiegemea fimbo yake, akasimama penye ua.

"Jumatatu," alisema.

"Nitakuwepo, Mama."

"Uje na kopo. Langu limetoboka."

Siku sita bado.